Wetu Bado

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, kisha nikatolewa shule nilee wadogo zangu pale Muhuru, kando ya ziwa. Kwa hiyo nikiandika naandika polepole, na mkono unachoka kabla ya kichwa. Lakini jina nikilisikia mara moja halinitoki. Nayajua majina ya wote niliobatizwa nao, ya wanawake wote niliouza nao omena, dagaa wa ziwa letu, ya watoto wao na hata ya mbuzi wao. Humu sitaandika hata moja. Yale ya redio ndiyo hasa sitaandika, kwa sababu yalikuwa ya watoto wa watu, na huenda mama zao wako hai wanasoma.

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, aliendesha mashine ya kusaga unga mjini Migori tangu alipokuwa kijana. Ugonjwa wake ulikuwa redio. Sio redio ya kusikiliza matangazo ya vifo na nyimbo za Nairobi, hapana, hizo kila mtu alikuwa nazo. Yeye alitaka stesheni za mbali, zile za masafa mafupi, na kadiri ilivyokuwa ngumu kuipata ndivyo alivyoipenda. Alichukua nyaya za shaba kwenye mota iliyoungua kazini, akazikunjua mzunguko kwa mzunguko, akazivuta kutoka paa letu hadi kwenye mti wa bulugamu. Waya mwingine aliushusha nje ya ukuta, akaufunga kwenye chuma kirefu alichokipigilia ardhini, akaniambia maji ya kuoshea vyombo nisiyamwage mahali pengine, nimwage pale, udongo uwe na unyevu ndipo redio ishike vizuri. Nilicheka, lakini nikamwaga. Ndoa yangu yote nimenywesha chuma.

Akipata stesheni ngeni aliwaandikia barua kuwaeleza wanavyosikika huku kwetu, kama sauti inapanda na kushuka, kama kuna mwingine anawaingilia. Nao walimtumia kadi yenye picha: mnara, theluji, ndege tusiyemjua. Alizibandika ukutani juu ya kitanda. Kule kwenye mashine walimwita Waziri wa Mambo ya Nje. Mwanamke analeta debe lake la mahindi, anampigia kelele, "Waziri, leo huko Ulaya wamekula nini?" Naye anamjibu bila kugeuka, "Ugali wa mahindi yaliyopepetwa, sio kama haya yako."

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori. Mwaka wa tisini na nne walipitia Isebania wakaingia Tanzania, wamebeba mafuta ya kupikia na sabuni, safari ya Rwanda. Vita vikawakuta huko.

Mwenye lori alikuja nyumbani. Aliketi kwenye ukingo wa kiti na chai hakuigusa. Akatueleza kwamba dereva amepatikana hospitalini upande wa Tanzania, na dereva anasema njia ilifungwa, wakashuka, kila mtu akakimbia kivyake. Mara ya mwisho dereva alimwona kijana wetu akiteremka na watu kuelekea kwenye matete, amembeba mtoto wa mtu mabegani. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

"Kwa hiyo hakuna aliyemwona amekufa," nikamwambia.

Akasema hakuna. Hilo nikalishika.

Miezi ile watu waliacha kununua samaki, kwa sababu ya habari za miili iliyoshuka na mto hadi ziwani. Nilienda Muhuru kumwona mama yangu, nikakuta omena zimelala juu ya nyavu, hakuna mnunuzi. Waliniambia miili ni ya upande ule wa mbali, kwetu haiwezi kufika. Nilitembea ufuoni hata hivyo, nikigeuza kila kitambaa kilicholetwa na maji.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamia kwao mzee, upande wa Homa Bay, juu ya kilima kinachotazama ziwa, kwa sababu mashine ilikuwa imemchosha. Waya wake aliuteremsha Migori akaupandisha huku, na chuma chake pia. Ni pale alipoipata stesheni iliyokuwa ikisoma majina ya watu waliopoteana. Kila jioni, jua likizama, walisoma kwa lugha ya huko na mara nyingine kwa Kiswahili: jina la mtu, la baba, la mama, mahali alipotoka, kambi aliyopo. Mwanzoni tuliketi pamoja. Lakini kila jina lilipoanza nilidhani ni lake, na lilipokuwa la mwingine nilichukia kwamba amepatikana. Nikamwambia mzee, baba watoto, mimi siwezi. Wewe sikiliza, mimi nipike, kisha uje unieleze.

Ikawa hivyo. Aliweka sauti chini ili mawe ya redio, zile betri zake, yasiishe haraka, akalaza sikio juu yake. Baadaye alikuja mlango wa jikoni na maneno yale yale. "Wamesoma wengi leo. Wetu bado."

Mwaka ukapita, na mwingine ukaingia.

Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, watu huenda kwenye mti wa yago, wanakata lile tunda lake refu zito, wanalizika badala yake. Linachimbiwa kaburi na kuliliwa kama mtu. Bila hivyo mambo ya boma yanasimama. Mdogo hawezi kuoa na kusimamisha nyumba yake wakati mkubwa wake hajulikani alipo. Ndugu za mzee walianza kuligusa taratibu, kisha bila kuficha. Mzee wa kanisa letu aliniambia kuzika tunda sio jambo la Wasabato, lakini siku ya kikao hakuja kulisema mbele yao. Mzee wangu ndiye aliyewazuia. Kila walipokuja aliwajibu kwamba redio bado inasoma, na mtu hazikwi wakati anatafutwa. Waliiheshimu ile redio. Walirudi kwao.

Mawe yakichoka tuliyaanika juu ya bati la ghala, yapate joto yarudishe nguvu kidogo. Siku moja niliyaanika asubuhi, nikaenda kupalilia mtama, nikayasahau. Jioni nikiwa nasonga ugali nikayakumbuka. Niliyachukua yakiwa bado na joto, nikayafunga kwenye ncha ya kanga, nikavuka uwanja mbio nimpelekee kabla saa ya majina haijapita.

Mzee alikuwa ameketi mahali pake. Sikio lilikuwa juu ya redio, mkono mmoja umelala juu yake, mwingine unazungusha kidogo, unarudisha kidogo. Aliponiona mlangoni akainua kidole ninyamaze.

"Wanasoma," akasema.

Mawe ya redio yalikuwa kwenye kanga yangu. Yote.

Nilifungua ile ncha nikayapanga mezani mbele yake. Aliyatazama, kisha akaondoa mkono wake juu ya redio kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Nilimuuliza tangu lini. Aliendelea kuyatazama mawe. Nikamgusa bega, nikamuuliza tena usoni.

"Mashine ilianza kunila masikio tukiwa bado Migori," akasema. "La kulia lilienda kwanza. Hili la pili limeenda karibu lote tangu mvua za kwanza baada ya kijana kupotea."

Kwake sikuona ajabu kuongea kwa sauti kubwa, kwa sababu watu wa mashine wote huongea hivyo, na kugusana bega ndiko kuitana kwao. Nilidhani ni uzee. Nilidhani ni huzuni.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Nikisema sisikii, ndugu zangu watakuja na yago kesho yake."

Niliketi chini. Nilikuwa nahesabu jioni na hesabu ikanishinda. Majina yalikuwa yakiingia katika nyumba ile kila siku, na hakukuwa na mtu wa kuyapokea. Huenda walimtaja wetu. Huenda jina lake lilipita kati ya baba yake na mimi, yeye ameinama juu ya redio, mimi nageuza samaki, likaenda zake.

Kesho yake tulianza upya. Yeye alijua mahali, mimi nilikuwa na masikio. Aliniketisha karibu na redio, naye akakaa ng'ambo ya meza, mkono kwenye kidude cha kuzungusha na macho usoni mwangu. Tulikubaliana nikisikia majina niinue kiganja. Alipeleka mshale hadi kwenye alama aliyoiweka kwa rangi ya kucha ya binti yetu. Hapo palikuwa na mwanamume akihubiri kwa lugha nisiyoijua. Nikatikisa kichwa. Mzee akaniambia stesheni hizi huhama majira yakibadilika, na kabla ya kuhama hutangaza watakakokwenda. Walitangaza. Yeye hakusikia.

Basi tukaanza kutoka mwisho mmoja wa kioo cha redio. Nilisikia miluzi, ngoma, mwanamke akiimba kwa pua. Jioni moja nilisikia kitu kama kuku anayedonoa bati. Sikujua kukieleza, nikadonoa meza kwa kidole namna ile ile, tatata, ta, ta. Uso wa mzee ukafunguka.

"Hao wanaongea wenyewe kwa wenyewe, midonoo hiyo ndiyo herufi zao," akasema. "Watu tu, majumbani mwao, na mashine zao. Usiku kucha nilikuwa nawasikia. Endelea, Nyar Muhuru, donoa tena."

Ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Muhuru. Nikadonoa tena, naye akafumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza kuona alichokuwa akikipenda mle ndani, na tulikuwa tumekikuta kwa njia hii.

Radi za ziwani zilitusumbua, zilikaanga kila sauti kama mafuta ya moto. Lakini tuliwapata. Mwanamke wa kusoma majina, mbali sana, katikati ya stesheni mbili zenye nguvu. Nikainua kiganja na mzee akaganda. Yule mwanamke alisoma wazee, alisoma ndugu wa tumbo moja, alisoma mtoto aliyejua jina la dada yake tu na sio la baba wala la mahali. Wetu hakuwamo. Kuanzia hapo niliketi kila jioni. Hata Ijumaa, Sabato ikiingia, mzee alinitazama, nikamwashiria washa, tukaomba baadaye. Usiku nilipolala nilirudia majina yote kichwani, nisije nikaacha mtu.

Kijana wetu wa pili alikuja jikoni katika siku hizo. Aliniambia msichana wake ana mimba, kwao wanasema kama hana nyumba ya kumweka watamwozesha kwingine. Alikuwa anachambua mboga pamoja nami, hakuniangalia.

"Mama, mimi simzuii mtu kungoja," akasema. "Lakini mimi pia ni mtoto wako, na mimi niko hapa."

Nikamsogezea fungu lililobaki. Mboga zilikwisha akaenda zake.

Halafu jioni moja yule mwanamke alimaliza majina, na badala ya muziki akaongea kwa Kiswahili. Aliwashukuru wote waliosikiliza. Alisema ile ilikuwa siku ya mwisho ya kusoma, kuanzia wiki ijayo kutakuwa na mazungumzo ya kilimo na afya ya watoto. Kiganja changu kilikuwa bado juu. Mzee alikuwa ananitazama, anangoja. Sikukishusha hadi muziki ulipoanza. Kisha nikatikisa kichwa: wetu bado.

Jioni zilizofuata nilifanya vivyo hivyo. Mtu kwenye redio alieleza namna ya kuchimba choo mbali na kisima, nami kiganja kimeinuka, na mzee ameridhika kwamba wanasoma. Hapo ndipo hasira niliyokuwa nayo juu yake iliisha.

Kikao kikaitwa. Shemeji zangu walikuja, wakakaa, na kijana wetu wa pili akakaa karibu na mlango. Shemeji mkubwa aliongea vizuri, bila ukali. Mwisho akamgeukia mzee akamuuliza redio inasemaje siku hizi. Mzee aliona midomo inacheza, hakuipata. Akanitazama mimi. Wote wakanitazama.

Ningeweza kusema bado wanasoma. Wangesimama, wangekunywa chai, wangeondoka. Nilimtazama kijana wangu pale mlangoni, viatu vyake vimejaa vumbi la njia ya kwao msichana.

"Wameacha," nikasema. "Hawasomi tena."

Niliona shemeji zangu wakiinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, na mzee akaviona pia. Alivua kofia yake akaiweka gotini.

Yago ilizikwa kushoto kwa lango, mahali pa mtoto wa kiume. Mdogo wake ndiye aliyeishusha kaburini, ameikumbatia, maana ilikuwa nzito. Nililia kama wanavyolia wengine, sauti ilitoka. Lakini macho yangu yalirudi kila mara kwenye lile tunda na mikwaruzo yake, na hakukuwa na mahali hata pamoja palipofanana na mtoto wangu.

Watu walipotawanyika, jioni, nilikwenda kumwaga maji ya vyombo. Nikasimama na karai mbele ya kile chuma, kisha nikamwaga hapo hapo. Nilipoingia ndani mzee alikuwa mezani na redio imewashwa. Mshale ulikuwa pale pale. Mtu anaongea juu ya minyoo. Mzee alikuwa amevuta kiti changu kikawa tayari.

Nikaketi. Nikainua kiganja, naye akaganda. Kisha nikainuka nikazunguka meza, nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kushoto lililobaki na uhai kidogo, nikaanza kumsomea. Nilianza na yule mtoto aliyejua jina la dada yake tu. Nikafuatisha wale ndugu, wale wazee, wa kambi hii na wa kambi ile, kila mmoja na baba yake na mama yake, kwa sauti kubwa hadi nahisi jirani walisikia. Mzee alitikisa kichwa kwa kila jina. Nilipofika mwisho nilinyamaza.

Akasema yeye mwenyewe, kwa sababu mimi sikuweza.

"Wetu bado."