Tulirudisha Gari Tangi Limejaa

Baba aliporuhusiwa kutoka hospitalini Othaya, hakuweza kukaa kwenye kiti cha matatu. Mgongo wake ulikuwa umeisha. Ilibidi alazwe kwenye kiti cha nyuma cha gari, mto chini ya kichwa, apelekwe hivyo mpaka kwetu Mweiga. Mwenye teksi alitaja bei iliyomshinda mama. Binamu yangu ana leseni, kwa hiyo tukaamua kukodi gari bila dereva kwa siku moja. Jamaa walichanga pesa kwa simu, na nikapewa mimi nizishike, kwa sababu sinywi na siongei sana.

Gari lilikuwa la mama mmoja wa Nyeri mwenye duka la mabeseni na ndoo. Magari yake mawili ya kukodisha yalisimama nyuma ya duka. Bei ya siku niliijua. Amana pia niliijua, kwamba tungerudishiwa jioni. Mengine yalikuwa kwenye karatasi ya Kiingereza yenye herufi ndogo. Nilisoma mpaka darasa la nane. Kusoma naweza, lakini polepole, na nyuma yangu kulikuwa na wanawake wawili wakingoja kulipia ndoo.

"Kilomita ni mia moja hamsini," yule mama alisema. "Ukipitisha unaongeza pesa. Saa kumi na mbili jioni gari iwe hapa, ama tuhesabu siku ingine. Mafuta urudishe vile umepata. Umeelewa, kijana?"

Nikasema nimeelewa. Sikuuliza kilomita moja ya ziada ni pesa ngapi. Sikuangalia mshale wa mafuta ulikuwa wapi. Nilitia sahihi, nikatoka haraka kama mtu aliyeiba ndoo.

Tulitia mafuta kidogo mjini, tukaenda Othaya. Muuguzi na binamu walimbeba baba, wakamlaza. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba binamu alimwambia, "Baba, ukiendelea hivi tutakubeba kwa mfuko wa shati." Baba akacheka, akashika ubavu.

Tulipokuwa tunatoka kwenye lango, baba alisema, "Tupitie Gakindu."

Dada yake mkubwa anaishi Gakindu, ambako si njia ya kwetu. Miguu yake imevimba, haendi mbali, na hawakuwa wameonana tangu baba alazwe. Nilimuuliza binamu kama tungetosha kwa kilomita tulizopewa.

"Mimi najuaje? Wewe ndiye ulitia sahihi," alisema. "Tulianza na ngapi?"

Sikuwa nimeandika.

"Hata sishuki," baba alisema kutoka nyuma. "Atakuja kwa dirisha. Dakika kumi."

Niliwaza kilomita, nikawaza saa kumi na mbili, nikawaza yule mama akinitajia pesa ambayo sina mbele ya wateja wake. Nikasema, "Baba, tutakuja siku ingine."

"Basi twende," akasema. Hakulirudia tena jambo hilo. Tulishika barabara ya Nyeri, na kila nilipogeuka nilimkuta ametazama juu, kwenye dari la gari.

Tukamfikisha nyumbani. Dada zangu waliliosha gari, tope lote la barabara ya kwetu, ili tusitozwe kwa uchafu. Mama akanikumbusha kwamba kitu cha mtu hakirudishwi kitupu. Ndivyo alivyotulea. Bakuli la jirani likija na maharagwe, linarudi na mayai mawili, au hata ndizi moja. Kwa hiyo tulipofika Nyeri na bado nina pesa mkononi, nilimwambia binamu aingie kituo cha mafuta, tukajaza tangi.

"Wewe ukienda benki utawaachia hata koti," binamu alisema. Lakini naye alilelewa na dada yake mama, na hakunizuia.

Yule mama aliingia kwenye gari, akaangalia mshale, akaniangalia.

"Ulipata robo. Mbona umejaza?"

Akafungua daftari lake, akahesabu. "Na kilomita mmebakisha arobaini. Si mngetembea."

Hapo ndipo nilipouliza swali nililopaswa kuuliza asubuhi. "Na tukipitisha, moja ni pesa ngapi?"

"Shilingi ishirini. Ungeniuliza ningekuambia."

Alinirudishia amana yote. Kisha akachukua beseni dogo la buluu dukani, akanipa, akisema mafuta hawezi kuyanyonya tangini anirudishie. Njiani kurudi nililipakata beseni hilo. Binamu alijaribu utani mara mbili, akaacha.

Beseni hilo ndilo tulilotumia kumwosha baba miguu kwa wiki tatu. Siku nyingine niliyomwahidi baba haikuja. Kila tulipopanga, alikuwa amelala au ana maumivu, na wiki ya tatu alifariki.

Shangazi wa Gakindu aliletwa kwenye mazishi. Alikaa karibu na mama, akamwambia, si kwa kulaumu, kwamba siku ile ya kutoka hospitali baba alimpigia kwa simu ya muuguzi, akamwambia atapitia. Shangazi alitolewa stuli mpaka kando ya barabara saa sita, akakaa pale na kitambaa chenye nduma za moto, yale magimbi ya kwetu, mpaka mvua ilipomrudisha ndani. Nilikuwa nyuma yao nimeshika viti. Nilivipanga, nikavipanga tena.

Siku hizi jamaa yetu yeyote akitaka kukodi gari, ananituma mimi. Napiga picha ya mshale wa mafuta na ya kilomita. Nauliza bei ya kila kilomita ya ziada, ya saa ya kuchelewa, ya kuosha, na nani hulipia gurudumu likipasuka. Wateja wa nyuma yangu hungoja. Aibu bado naiona, lakini nauliza.

Mwezi uliopita mama alijaza beseni la buluu viazi, akanituma Gakindu. Stuli ilikuwa mlangoni. Shangazi alipokea viazi, akaviweka chini, kisha akauliza, "Siku ile mlipitia wapi?"

"Njia ya Nyeri, shangazi," nikasema. "Niliogopa kilomita."

Aliniangalia. Nilidhani ataniuliza kilomita ni nini. Aliinuka kwa fimbo yake, akaingia jikoni, akakaa muda mrefu. Beseni lilirudi Mweiga na nduma.