Nyumba Isiyo na Mlango

Enzi zetu pale Mfaranyaki, Krismasi ilianzia ukutani kabla haijafika kanisani. Wasichana tulishuka bondeni kuchimba udongo mweupe, tukatwanga mkaa, tukasiriba nyumba mpaka viganja vikachubuka. Kisha kila mmoja akachora chake: kuku, maua, nyota. Togwa tulikunywa kwa mikono ileile na hakuna aliyeumwa tumbo. Watoto wa leo wakigusa tope kidogo tu wanaulizia sabuni, tena ya kunukia!

Aliyetushinda wote kwa kuchora ni shangazi Osmunda, mdogo wake baba. Mwaka aliofiwa na mwanawe mchanga alirudi kwetu, akawa hali, hasemi. Wiki ya sikukuu akachukua mkaa, akachora nyumba nyeusi tii yenye dirisha moja, na dirishani uso wa mwanamke. Mlango hakuna. Bibi alipoiona alishika kichwa. "Osmunda, nani kakutuma utuchoree msiba na Krismasi hii?" Tukatumwa udongo, picha ikasiribwa. Kesho yake akaichora tena, tukaisiriba tena. Baada ya hapo hakushika mkaa maisha yake yote. Wengine walisema anadeka, wengine amerogwa. Nyumbani kwetu habari ile ikawa mwiko.

Sasa mwaka huu binti yangu Neema akarudi kutoka chuoni amenyamaza vilevile. Sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Nilikuwa nanyata mlangoni kwake kusikiliza kama anapumua. Muuguzi wa kliniki ya afya ya akili akamshauri achore yale yasiyotoka mdomoni. Mimi nikaguna tu: rangi itatibu nini?

Jumapili moja akatundika picha yake sebuleni. Jamani, ni ileile! Nyumba nyeusi, dirisha moja, uso wa mwanamke, mlango hakuna. Na sikuwahi kumsimulia, wala hakuna aliyemsimulia. Shangazi Osmunda alikuwa njiani kuja kula nasi, nikakimbilia kuitoa ukutani. Nimeshaishika, huyo kaingia.

Neema akamwamkia, "Shikamoo bibi." Mama wa watu alisimama anaitazama ile picha, mkoba bado begani.

"Mlango nilikuwa nauacha wa mwisho," alisema taratibu. "Nikirudi kuuchora, nakuta mmeshasiriba."

Nilikaa chini palepale. Neema, ambaye hata salamu tulikuwa tunamvuta, akamsogelea. "Mlango ungekuwa upande gani, bibi?"

Shangazi akaweka kidole chini ya dirisha. Neema akaenda kuleta brashi.

Enzi zetu kuta zilipendeza kila Krismasi, na majirani walitusifu. Siku hizi sebule yangu ina nyumba nyeusi yenye kimlango cha njano kilichopinda, wageni wakiiona wanashtuka, na mimi mwenyewe bado nashtuka kila asubuhi. Lakini Neema anakula.