Mama Mkwe Alinifungia Chumbani kwa Sababu ya Harufu

Siku wageni walipokuja kumwona mwanangu, mama mkwe alimchukua mtoto, akanifungia chumbani kwa ufunguo.

"Kaa humo. Usitutie aibu."

Mwenzenu nilikuwa nanuka. Tangu nijifungue, haja kubwa ilikuwa inanitoka yenyewe. Nikicheka, inatoka. Nikipiga chafya, ndiyo kabisa.

Mkunga alinishona haraka haraka, wodi imefurika. "Umechanika kidogo tu, utapona." Hakunikagua ndani.

Mume wangu akahamia sebuleni. Nikamlilia mama yake.

"Ndio uzazi huo," akanijibu. "Vumilia. Kwani wewe ndiye wa kwanza kuzaa?"

Nikavumilia. Lakini kufungiwa kama mbuzi? Hapana jamani, pale yalinishinda.

Kesho yake nikabeba mwanangu, huyoo kliniki. Mama mkwe akanifuata unyounyo, eti naenda kuitangaza familia. Nikamwambia mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, nifiche nini?

Daktari, mama mtu mzima, alivaa glovu akanikagua kwa kidole mpaka njia ya nyuma. Akatikisa kichwa.

"Msuli unaofunga haja umekatika. Ilitakiwa uonekane siku ileile, ushonwe vizuri chumba cha upasuaji. Walishona ngozi, msuli wakauacha."

"Nitapona?"

"Nakupeleka kwa bingwa. Atakushona upya. Wengi hupata nafuu."

Nikalia kwa hasira. Kumbe ningeangaliwa tu!

Mama mkwe akatokea nyuma ya pazia. Nikajua anakuja kunifokea.

"Daktari," akasema kwa sauti ya chini, "na aliyechanika akizaa mtoto ambaye sasa ana ndevu, naye anashonwa?"

Mwenye ndevu ni mume wangu.

Nikamgeukia. Miaka yote hiyo!

"Mama, kwa hiyo ulijua ninachoumwa?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Mimi nani aliniambia? Nikasema kama nimeweza, na wewe utaweza."

Nimeshashonwa, naendelea vizuri. Yeye anasubiri zamu yake. Watu wananiambia nimsamehe. Bado sijaweza, na sitadanganya.

Dada yangu, ukishajifungua, dai ukaguliwe mbele na nyuma kabla ya kushonwa. Haja ikikutoka yenyewe, rudi hospitali, huo sio uzazi, ni jeraha.

Na anayekwambia vumilia, muulize yeye anavumilia nini.