Sindano ya Siku ya Homa

Simu ya shemeji ilinikuta nimeshika pasi. Kazi yangu ni udobi, na asubuhi ile nilikuwa nanyoosha shati jeupe la mteja. Shemeji ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisema tu, "Shemeji, dada yako ametuacha. Sasa hivi." Nikamuuliza, "Ametuacha kwenda wapi?" kama mtoto. Nilipozinduka, shati lilikuwa limeungua mgongoni.

Dada yangu alikuwa fundi cherehani katika karakana ya sare za shule. Alikufa akiwa na miaka arobaini na sita, kwa homa ya mapafu, siku nne tu baada ya kuanza kutetemeka. Mungu ndiye mwenye siku zetu, nami sibishani naye. Yupo mtu ninayebishana naye, na ndiyo maana naandika.

Baridi yabisi ilimwanzia vidoleni. Akiamka, mikono imekakamaa, hata kitasa cha mlango hakizunguki. Alikuwa anaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na kusali hapo hapo, maana magoti hayakunjiki. "Mungu anapokea sala hata ikitoka kwenye beseni," alisema.

Vidonge viliposhindwa, daktari alimwandikia dawa ya kujichoma mwenyewe kila baada ya wiki mbili. Muuguzi alimfundisha kwa kuchoma sifongo, nami nilikuwepo. Dada akacheka. "Miaka ishirini nachoma vitambaa vya watu. Leo sindano zimekuja kudai haki yao."

Alijifunza vizuri. Anatoa dawa kwenye friji, anaiacha mezani nusu saa ubaridi uishe, ananawa, anafinya nyama ya paja, anabonyeza, anahesabu hadi kumi. Mara paja la kulia, mara la kushoto, na zamu anaiandika kwenye kalenda. Sindano iliyotumika anaitia kwenye galoni gumu na kukaza mfuniko. Mwezi wa tatu wa sindano alinipigia simu kunitangazia kwamba amefunga vifungo vya blauzi bila kumwita mumewe. "Mwambie shemeji yako amefukuzwa kazi."

Muuguzi alimpa sharti moja, akamtaka alirudie mara tatu: ukipata homa usijichome, njoo hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ile inaituliza kinga ya mwili ili iache kuvishambulia viungo, kwa hiyo ugonjwa mwingine ukibisha hodi, mlinzi amelala.

Msimamizi wa karakana walimwita Filimbi, kwa sababu aliwaita mafundi kwa kupuliza filimbi kama mwamuzi wa mpira. Naye alimbatiza dada jina la Ajuza, yaani bibi kizee, tangu alipomwona anashuka ngazi kwa ubavu.

"Ajuza, mashine haikungoji!"

"Ajuza ndiye anayekushonea kola, baba. Kazishone wewe tuone."

Aliponisimulia nilicheka. Sicheki tena.

Tukiwa nyumbani tunangoja maziko, rafiki yake wa karakana, mama anayeshona vifungo, alinivuta jikoni.

"Mdogo wangu, nisiposema hili sitalala. Jumatatu alimwendea Filimbi anatetemeka, akamwambia, 'Nina homa, naomba ruhusa niende hospitali.' Filimbi akamjibu, 'Kila siku viungo, leo umebadilisha wimbo? Si siku yako ya sindano? Jichome urudi mashineni. Ukitoka hapo mlangoni, usirudi kesho.'"

"Akajichoma?"

"Dawa huwa anaiweka friji ya ofisini, ajichome saa ya chakula. Aliichukua akaingia nayo chooni. Alipotoka alisema tayari. Akashona mpaka jioni. Na mimi nilinyamaza. Nina watoto."

Dada alilijua sharti. Sijui alijiambia nini mle chooni. Labda alijiambia ni viungo tu, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Hilo linanila usiku na mchana.

Nilimweleza mchungaji. Akasema, "Mwachie Mungu, binti yangu."

"Namwachia, Mchungaji. Ila nampelekea na mashahidi."

Filimbi alikuja mazikoni na suti nyeusi na shada la maua, akaomba kusema neno kwa niaba ya karakana. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa familia. Nilimkaribisha mbele kwa heshima zote, maana aliyeketi chini akianguka haumii. Nilitaka apande kwanza.

Akapanda. Alisema dada alikuwa mama yao, alikuwa nguzo yao, karakana ilimjali kama ndugu. Akatoa kitambaa, akafuta macho.

"Asante, baba," nikasema. "Nina swali moja. Jumatatu alipokuja kwako na homa, ulimwambia nini?"

"Dada, hapa si mahali pake."

"Ndipo mahali pake. Mwenyewe huyu hapa." Nikalionyesha jeneza.

"Mimi sikujua kama ni homa ya kweli."

"Sijakuuliza ulijua nini. Ulimwambia nini?"

Mama wa vifungo akasimama, akayasema maneno yote ya Filimbi, hata lile la kubadilisha wimbo. Nyuma yake sauti ikasema, "Nami nilisikia." Kisha nyingine. Shemeji, ambaye alikuwa hajui lolote, aliliinua lile shada na kumrudishia mikononi. "Nenda nalo."

Watu hawakumpisha. Ilimbidi aombe njia mtu kwa mtu: samahani, samahani. Kila samahani niliisikia kama maji ya baridi kooni. Mungu anisamehe raha ile, lakini siirudishi. Wala sijamaliza. Wiki ijayo mimi na shemeji tunakwenda ofisi ya kazi ya serikali kumshtaki, na mama wa vifungo amesema atakuja, watoto wale au walale njaa.

Tulimzika saa tisa. Jeneza lilibebwa na shemeji, kaka zetu wawili na mafundi watatu. Mchungaji aliomba kwa kifupi. Watu waliimba. Nilitupa udongo kidogo, nikasema, "Lala, dada." Wanaume wakachukua makoleo, wakafukia mpaka ardhi ikawa tuta. Tukaweka msalaba, tukarudi nyumbani.