Sponji ya Nabintu

Mtakaosoma haya, nichekeni polepole. Hapa Kavimvira tuna mchezo tuliouona kwenye simu: tunavaa mabati mwilini na kupigana kwa fimbo. Nabintu, fundi cherehani, alinishonea sponji ya kuweka ndani ya kofia yangu ya chuma. "Weye, usipigane bila hii," aliniambia. Nami, mjuaji niliyeacha shule mapema, Jumapili niliitoa. Kulikuwa na joto, na tena nilitaka kujua pigo tupu likoje.

Pigo la kwanza lilinijibu. Kichwa kililia kama kengele, nikaanguka magotini. Kelele za watu sikuzisikia tena, nikaamini kwamba nao hawanisikii. Basi nikaomba kwa sauti yangu yote: "Ee Mungu, nikipona nitamwambia Nabintu kwamba ninampenda. Na kwamba sponji yake niliitoa."

Mikono ikaivua kofia taratibu. Masikio yakazibuka, nikaona uwanja mzima unanikodolea macho. Nabintu alikuwa amepiga magoti mbele yangu, machozi yanamlengalenga, ananipapasa kichwa akitafuta damu.

"Ya kupendana nimesikia," alisema. "Sponji yangu iko wapi?"