Mzani uliogoma Mlowo

Leo asubuhi mzani wa mahindi hapa Mlowo umegoma, lori likiwa juu yake.

Programu zake tuliziandika mimi na Tumaini, binti wa mdogo wangu. Yake inasoma uzito. Yangu, ya lugha nyingine ya kompyuta, inaiita kwa jina ili ipewe uzito huo. Jana alibadilisha jina hilo ili lieleweke zaidi, yangu ikabaki inaita la zamani. Hakuna kilichotuonya.

(Waandishi wa programu, hili limewakuta?)

"Mzee, mahindi yataota humu," dereva akasema.

Mwenye mzani hakucheka. "Ukigoma tena, natafuta watu wengine."

Tumaini akarudisha jina la zamani, lori likaondoka. "Twende, baba mkubwa."

"Hatuendi."

Tumeshinda hapa tukirekebisha programu yangu. Sasa siandiki jina tu. Naelekeza kwenye kazi yenyewe ya kusoma uzito ndani ya programu yake, na kompaila, inayokagua kabla programu haijatumika, inahakikisha ipo.

Jioni nikamwambia Tumaini abadilishe jina tena, kwa majaribio. Kompaila ikakataa, ikaonyesha mstari wenye kosa.

"Programu imeharibika tena?" mwenye mzani akauliza.

"Ndiyo. Ila imeharibikia hapa mezani kwetu, haijafika kwenye mzani. Wewe endelea kupima."