Kamba Niliyoikata Columbus

Siku ile naikumbuka kwa mlio wake kabla ya kitu kingine chochote, mwanangu Neema. Ta! Mlio mfupi, mkavu, kama kijiti kinachovunjika chini ya mguu wa kiti. Ni mlio wa kisu kile chekundu ulichokiona kwenye sanduku langu kiangazi kilichopita, ulipokuja kwangu Newburg, hapa Louisville, kukaa nami wiki mbili. Ulikigeuza mkononi, ukaniambia kwa Kiingereza chako cha shule kwamba unakitaka. Nikakujibu kwamba nitafikiri. Nimefikiri mpaka theluji imekuja na kuondoka, na jibu limekuwa refu kuliko nilivyotaka.

Utacheka nikikuita mwanangu kama mzee. Nina miaka thelathini na mitatu, sina mvi hata moja. Lakini mtoto wa kaka yangu ni mwanangu, ndivyo tulivyolelewa. Isitoshe, kuna kuzeeka kwa miaka na kuna kuzeeka kwa kosa. Mimi nilizeeka kwa kosa, saa nane mchana, siku ya Jumamosi, sebuleni kwa bibi yako mzaa mama.

Nianze na kisu chenyewe, maana ulikiulizia kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipokikuta mezani kwa mzungu mmoja mzee aliyeuza vitu vya kale kwenye soko la Jumapili hapa Louisville. Kilikuwa kimelala juu ya kitambaa, kirefu na chembamba, mpini wake mwekundu unang'aa kama pipi iliyolambwa. Mzee akanionyesha kitufe kidogo. Nilipobonyeza, ulimi wa kisu ukafyatuka kutoka ubavuni mwa mpini, ukasimama wima. Si kisu cha kukata nyama wala kitunguu. Ni pambo, mwanangu. Watu hukiweka kama wengine wanavyoweka saa za ukutani zisizopiga tena.

Nilikipenda kwa sababu hakikuwa na kosa. Mimi ni mtu wa kuogopa kukosea. Unanijua, umeniona nikifuta ujumbe wa simu mara tatu kabla ya kuutuma. Nilijifundisha mwenyewe, kwa video na kwa kuharibu. Nikajua kukifungua, kubadilisha springi, kusugua pete za shaba za mpini kwa kitambaa na mafuta mpaka nione uso wangu. Ulimi ukicheza hata kwa upana wa unywele, chakula hakishuki. Nikanunua cha pili, cha mpini wa pembe ya nyati, kisha cha tatu. Watu walinichosha, siku moja wanakuchekea na siku ya pili wamenuna. Kisu ukikibonyeza kinafanya kilekile jana na leo.

Na nilitembea na kile chekundu mfukoni. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, ingawa sikuliona. Nikiwa na wasiwasi niligusa kitufe kwa kidole gumba, bila kubonyeza, kama bibi kizee anavyohesabu shanga za rozari.

Mwaka huo baba yako, Elias, alitaka kumwoa mama yako. Sisi ni watu wa Kigoma, wao ni watu wa Uvira, Kongo. Ziwa moja, ng'ambo mbili. Bibi yako alikuwa ameletwa Columbus kama mkimbizi, pamoja na binti zake. Tukatafuta mshenga, Mzee Barnaba, mtu wa Kigoma aliyefanya kazi kwenye ghala moja na Elias na kujua desturi za pande zote mbili. Akatueleza kwamba kwa akina bibi yako, mzigo wa vitenge vya posa hufungwa kamba, na kamba hiyo hufunguliwa na mama wa binti na dada zake kwa vidole. Haikatwi kamwe. Bibi huitunza, na mtoto wa kwanza akizaliwa, kitambaa cha kumbebea mgongoni hufungwa kwa kamba ileile.

"Funga fundo la kawaida," Mzee Barnaba aliniambia, "la kufungia mbuzi."

Mimi, fundo la mbuzi! Nilikaa na video jioni tatu nikajifundisha fundo la mapambo, lenye vitanzi vinane kama ua. Nilifunga, nikafungua, nikafunga tena mpaka vitanzi vikalingana. Mara ya mwisho nikalikaza kwa koleo ili lisilegee njiani. Elias aliliona akasema ni zuri. Nilifurahi kutoka Louisville mpaka Columbus, na mvua yote ile ya Novemba.

Tulipokelewa vizuri. Chakula kilikuwa tayari mezani kimefunikwa, sombe, kisamvu chao, inanukia nyumba nzima. Mzee Barnaba alisema maneno ya posa, yakajibiwa, mzigo ukawekwa kwenye mkeka. Bibi yako na mdogo wake, Mama Sifa, wakaketi chini, wakaanza kufungua.

Fundo halikufunguka.

Mama Sifa alijaribu kwa kucha, kisha kwa meno. "Eh! Hawa batu ya Kigoma," akasema, "banafunga vitenge ama banafunga ng'ombe? Shemeji, muliogopa bitakimbia?"

Sebule nzima ikacheka. Mama yako alicheka pia, akiwa mlangoni pa jikoni, amejifunika mdomo. Kilikuwa kicheko cha furaha, leo najua hivyo. Siku ile nilisikia kwamba kazi yangu ina kasoro na watu wote wanaitazama.

"Polepole," bibi yako akamwambia mdogo wake. "Siku ingali ndefu. Hii njo kazi yetu."

Alikuwa na vidole vifupi, vimekakamaa kwa kazi ya kufunga nyama kiwandani. Alivuta kitanzi kimoja, kikakaza kingine. Masikio yangu yakawaka moto. Mkono ukaingia mfukoni bila kuniuliza. Nikainuka, nikasema, "Samahani, mama, ngoja nisaidie," nikabonyeza.

Ta!

Nikakata. Kamba ikaachia, vitenge vikafunguka kwenye mkeka, na kwa muda wa pumzi moja nilijiona shujaa.

Bibi yako alivuta mikono yake miwili, akaificha kwapani, akabaki hivyo. Alikitazama kisu, si mimi. Sikuwahi kuuliza alisikia nini katika mlio ule, wala huko alikotoka aliusikia wapi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kisha akaangalia zile ncha mbili za kamba.

"Banakata kamba ya mutoto wangu," akasema polepole, kama anayejisomea barua. "Mbele yangu. Na kisu cha kuruka." Akamgeukia mdogo wake. "Bon, basi. Ondoa chakula."

Mama Sifa akainua sufuria ya sombe, akairudisha jikoni. Ndivyo posa ilivyokwisha. Mama yako alikuwa ameacha kucheka.

Mzee Barnaba hakunigombeza mbele za watu. Alisubiri tukafika kwenye maegesho, mvua inatunyeshea.

"Kijana, fundo lile ulilifunga wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe ungeweza kulifungua?"

"Ndiyo, mzee. Ni kuvuta kitanzi cha tatu tu."

"Ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka mkekani. Kwa nini hukupiga magoti ukawaonyesha kitanzi cha tatu?"

Nilifuta mvua usoni, mwanangu. Haikunijia akilini kwamba ningeweza kupiga magoti.

"Basi utarudi," akasema. "Utakiweka kisu chini mbele ya mama yule, mpini umwelekee yeye, na utasema, 'Mama, nimekosa.' Maneno mawili. Usiongeze la tatu, nakujua."

Wiki iliyofuata mzigo ulirudishwa kwa mkono wa Mzee Barnaba. Vitenge vyote vilikuwemo. Kamba haikuwemo; nikadhani imetupwa. Ujumbe wa bibi yako ulikuwa mmoja: yule aliyekata aje mwenyewe, ndipo tutazungumza.

Hapa ndipo aibu yangu kubwa ilipo, na kwa ajili yake ninaandika. Sikwenda. Si kwamba nilikataa. Nilitaka kwenda nikiwa na maneno yanayofaa. Maneno mawili niliyaona kama ukosefu wa adabu. Nani huvunja posa ya kaka yake kisha akasema maneno mawili? Nikaanza kuandika barua ya kumsomea. Nikaifuta. Nikajifunza Kiswahili chao ili nisimkosee tena, nikaandika upya, nikaona inasikika kama namwigiza, nikachana. Nilipokwama niliketi na visu vyangu, nikavisugua. Viliongezeka, barua haikuongezeka.

Baba na mama yako walisubiri mwaka na nusu. Kisha wakahamia Buffalo, wakaandikisha ndoa ofisini, na bibi yako hakuhudhuria. Wakanunua ile nyumba ya mtaa wa Black Rock. Ukazaliwa wewe. Kila Krismasi baba yako alinipigia na kuuliza, "Umeandika?" Nami nikajibu, "Bado kidogo." Baadaye akaacha kuuliza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi ya kugombezwa.

Uliwahi kumuuliza mama yako kwa nini watoto wenzako wa Grant Street wana bibi wanaowasuka nywele na wewe bibi yako yuko kwenye simu tu. Najua uliuliza, kwa sababu mama yako alinisimulia, bila kunilaumu. Alisema, "Nilimwambia bibi anaumwa magoti, hawezi safari." Sasa umejua, mwanangu. Magoti mabovu yalikuwa yangu.

Bibi yako alifariki Januari. Wewe ulibaki Buffalo na homa, hukuona matanga. Mimi niliendesha gari kutoka Louisville peke yangu, na barua ya mwisho mfukoni, safi, kurasa nne, bila kosa hata moja. Nilifika sebule ileile. Mkeka ulikuwa uleule, umejaa wanawake. Nikatafuta wa kumsomea. Hakuwepo.

Nilipiga magoti mbele ya Mama Sifa. Nikakiweka kisu chekundu chini, kimefungwa, mpini umemwelekea. Barua haikutoka mfukoni.

"Mama, nimekosa," nikasema.

Mama Sifa amezeeka sana. "Umechelewa, mutoto yangu," akasema. "Alikuwa anauliza. Kila mwaka. 'Ule kijana wa kisu, hajakuya?'" Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Bon. Ikaa. Ukule."

Wakaniletea sombe. Nilikula nikilia, mwanangu, sijui kama ilikuwa na chumvi au la.

Baada ya chakula aliingia chumba cha marehemu, akatoka na mfuko mdogo wa plastiki, akaniwekea mkononi nikuletee wewe. Ndani yake ilikuwa kamba. Lile fundo langu la vitanzi vinane halikuwepo. Bibi yako alilifungua, kwa vidole vyake vile. Mama Sifa alisema lilimchukua majira ya baridi mazima, kidogo kila akitoka kazini. Na pale nilipokata alikuwa ameunga ncha mbili kwa fundo moja dogo, baya, lililopinda. La kufungia mbuzi. Yeye alikuwa ameshamaliza sehemu yake. Alinisubiri mimi tu.

Kwa hiyo kisu chekundu hakipo tena sandukuni; kilibaki kwenye mkeka, sikuuliza walikifanya nini. Vingine ninavyo. Ningekwambia nimevitupa vyote ningekuwa nakupamba hadithi. Bado ni vizuri, bado navisugua, lakini vimelala kwenye sanduku lenye kufuli na sitoki na hata kimoja. Wala sitakupa, hata ukiwa mkubwa, isipokuwa uje unishawishi ukiwa umeshajua kupiga magoti. Kitu kikiwa kizuri machoni pako, jiulize kinalia vipi masikioni mwa mwenzako kabla hujakifyatua mbele yake.

Lakini nasaha yangu kubwa si ya visu. Umerithi kwangu hii tabia ya kufutafuta; nilikuona ukichana mchoro wako kwa sababu ya mstari mmoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeuma miaka kumi na mitatu. Fundo ulilolifunga wewe, inama ulifungue wewe, mbele ya watu, wacheke wakicheka. Ukimkosea mtu, nenda na maneno mabaya, yaliyopinda, maadamu yu hai. Maneno mazuri yaliyochelewa husomewa ukuta. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nimekuja kulielewa hilo kwa kukutazama wewe, mjukuu ambaye bibi yake hakuwahi kumbeba.

Katika bahasha hii nimekuwekea kamba. Ni yako tangu hujazaliwa. Usilifungue lile fundo dogo, na usilinyooshe.

Mungu akupe mikono yenye subira kama ya bibi yako, na akupe magoti mepesi kuliko yangu. Unayempenda akusubiri, nawe usimsubirishe. Na siku utakapombeba wa kwako mgongoni, kamba hii imshike, isikatike mara ya pili.